Bwawa la kuogelea Diani limekaa bila mtunzaji, maji kijani kizito: nimwage yote au yataokoka?

BintiUkunda

Habari zenu wakubwa na wenzangu. Shangazi yangu anaishi Ujerumani na mumewe, na nyumba yao ya hapa Diani imefungwa tangu mwaka juzi. Askari yupo, ila yeye kazi yake ni geti. Bwawa hakuna aliyeligusa. Sasa shangazi amepata wageni wa Desemba, kanikabidhi funguo na kuniambia, "Wewe ndiye msomi, utajua la kufanya." Nimesomea uhasibu.

Bwawa ni mita 10 kwa 5. Upande mfupi kina chake ni mita 1, upande wa pili ni mita 2 kwa alama zilizoandikwa ukingoni. Ni la zege, limepigwa vigae vidogo vya buluu, ingawa buluu yenyewe kuanzia mstari wa maji kwenda chini siioni. Nikitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko vidole vinapotea. Kuna mkungu umeinamia upande wa kina na majani yake yamelala chini tabaka kwa tabaka. Nikiyachokoa kwa ufito yanatoka meusi, harufu ya yai viza. Vyura wameshajigawia viwanja, na viluwiluwi wa mbu ukitazama kwa karibu wanachezacheza juu ya maji maelfu kwa maelfu. Majirani wameanza kunung'unika, na wana haki.

Fundi mmoja alikuja, akatazama bila hata kuvua miwani, akasema dawa ni moja: kumwaga maji yote, kukwangua, kuosha vigae kwa asidi, kisha kujaza kwa boza. Bei aliyonitajia siwezi kumpigia shangazi simu nikaitamka. Jirani naye anasema nitie mrututu tu, asubuhi nitakuta maji yanang'aa.

Nyumba iko karibu na ufuo, mvua za vuli zimeshaanza. Kisima kipo uani, maji yake yana chumvichumvi. Pampu ni ya hospawa moja, filta ni lile tangi la mchanga lenye mkono wa kuzungusha juu. Nianzie wapi?

MtuWaLikoni

Mwaga, dada. Hayo si maji tena, ni kinamasi. Mita 10 kwa 5 kwa wastani wa mita 1.5 ni lita 75,000. Boza za lita 10,000 ni saba na nusu, unalala usingizi wako.

BabuWaPampu

Wa Likoni, hesabu ya boza umeipiga vizuri, lakini hukuuliza maji ya chini ya ardhi yako wapi.

Mwanangu, usimwage. Kazi hii ya mabwawa nimeifanya kuanzia Tiwi hadi Galu tangu nina meno yote mdomoni, na bwawa lililovunjika mbele ya macho yangu halikuvunjwa na mwani, lilivunjwa na haraka ya kumwaga. Wewe uko karibu na ufuo na mvua inanyesha. Ardhini maji yamepanda. Maji yaliyomo bwawani ndiyo yanayolikandamiza likae chini. Yakitoka, yale ya nje yanalisukuma kutoka chini, na bwawa tupu la zege ni mashua, linaelea. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja Galu, walimwaga jioni katikati ya masika ili wakwangue asubuhi. Asubuhi upande wa kina ulikuwa umenyanyuka, ukingo umepita sakafu ya nje kwa karibu shubiri nzima, bomba za chini zote zimekatika. Hilo halirekebishwi, linabomolewa. Wajenzi wazuri huweka valvu ya kutolea shinikizo kwenye tundu la chini, lakini valvu iliyozikwa chini ya matope miaka miwili mimi siikabidhi nyumba ya mtu.

Halafu tazama mfuko wako. Ukijaza kwa kisima cha chumvi unaanza upya na matatizo mengine. Ukijaza kwa boza umenunua maji ambayo tayari unayo.

Kwa hiyo tunasafisha yaliyomo. Neno la kwanza kabla ya dawa yoyote: asiingie mtu humo, hata askari, hata kwa kutafuta ufagio ulioanguka. Mtu akizama kwenye maji ya kijani aliye ukingoni hamwoni. Upande mfupi ufunge kamba, na kama kuna watoto jirani, geti la bwawa libaki na kufuli.

Vyura wahamishe sasa, kwa ndoo. Majani yatoe yote. Hapa ndipo watu wanapochoka na ndipo kazi yenyewe ilipo. Tafuta wavu wenye mfuko wa kina, si ule bapa wa kuokotea jani mojamoja, ufunge kwenye ufito mrefu wa alumini, ukokote chini polepole bila kuona, kutoka upande mfupi kwenda wa kina. Maji yatachafuka zaidi. Acha yatulie hadi kesho yake, rudia. Unapoona wavu unapanda na majani machache tu, hapo ndipo nitakubali tuzungumze klorini. Klorini haibagui, inakula kila kilichooza. Ukiimwaga juu ya shehena ile ya mkungu, itaisha kwenye majani na mwani utabaki unakuchekelea. Uozo ule mweusi na majani ya mkungu vyafaa kwenye minazi, vimwage huko kabla hujaanza dawa.

Pili, filta. Mchanga uliokaa bila maji kupita hugandamana. Zima pampu, toa presha, fungua kichwa cha tangi, ingiza mkono. Ukiwa laini na unateleza kati ya vidole, safi. Ukikuta mabonge ya mafuta na tope, badilisha. Tangi la kipenyo cha sentimita 60 linakula karibu magunia sita ya kilo 25. Uwe mchanga wa silika wa filta, punje za milimita 0.5 hadi 0.8. Kuna watu wamechota mchanga hapo ufuoni wakaona wameokoa pesa. Mchanga wetu mweupe ni mzuri kwa picha za harusi. Ndani yake kuna matumbawe yaliyosagika, ni chokaa, asidi inauyeyusha na ule laini unarudi bwawani.

Filta ikiwa safi, tazama geji ya presha na uandike namba kwa kalamu ya wino mzito kwenye tangi lenyewe. Presha ikipanda nusu bari juu ya hapo, osha filta kinyume hadi kile kikombe cha kioo cha kutazamia maji yanayotoka kionyeshe maji maangavu. Siku za mwanzo utaosha asubuhi na jioni. Pampu iende usiku na mchana. Ya hospawa moja inakula karibu uniti moja kwa saa, kwa hiyo weka bajeti ya tokeni za uniti 24 kwa siku, umwambie shangazi mapema.

Tatu, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Nunua kipimo cha matone. Unataka 7.2 kabla ya kutia klorini, kwa sababu pH ikifika 8 sehemu kubwa ya klorini inakuwepo kwa jina tu, haiuwi. Kuishusha tumia asidi ya haidrokloriki, ile mafundi wa vigae wanayoondolea saruji. Anza na nusu lita, uimimine ndani ya ndoo iliyokwisha jazwa maji, uizungushe bwawani upande wa kina pampu ikienda, ungoje saa kadhaa, upime tena. Asidi ndani ya maji, kamwe maji ndani ya asidi.

Nne ndiyo klorini. Chukua ya unga, kalsiamu haipokloriti ya asilimia 65. Kwa lita zako 75,000, gramu 115 zinapandisha miligramu 1 kwa lita. Bwawa la hali hiyo dozi ya kwanza natia kilo 2.5, inayofika kama miligramu 20 kwa lita. Jua likishazama, si kabla. Klorini isiyo na kinga hufyonzwa na jua la hapa mchana mmoja tu, umeitia saa nne asubuhi, saa tisa unapima hakuna kitu. Yeyusha kidogokidogo kwenye ndoo, maji kwanza halafu unga, ule mchanga mweupe unaobaki chini ya ndoo usiumwage kwenye vigae. Zunguka ukimimina. Kila asubuhi na kila jioni pima, ikishuka chini ya 10 irudishe.

Kipimo cha klorini, kile kinachogeuza maji njano, kikikuonyesha rangi ya chungwa iliyokolea, klorini imezidi uwezo wake wa kusoma. Changanya kikombe kimoja cha maji ya bwawa na vinne vya maji ya chupa, pima, zidisha kwa 5.

Na brashi, mwanangu. Ya nailoni, usitumie ya waya, inaacha vipande vinavyopata kutu kwenye viungo vya vigae. Kuta, ngazi, nyuma ya ngazi, ndani ya skima (kile kisanduku cha ukutani kinachonyonya maji ya juu), chini ya taa. Mwani una utelezi unaoukinga, klorini inapita juu. Brashi ndiyo inayoufungua. Wenye mabwawa wananunua dawa ya shilingi elfu kumi kwa furaha, brashi wanaiona kazi ya kudhalilisha.

Hifadhi ya dawa: klorini ya unga mbali na asidi, mbali na vidonge vya klorini. Kikombe cha kuchotea kimoja kwa kila dawa. Asidi na klorini vikikutana vinatoa gesi inayoua. Unga na vidonge vikichanganyika vinaweza kulipuka. Hili sisemi kwa mapambo.

MgangoJirani

Babu, kwa heshima, mrututu tumeutumia miaka na miaka kwenye hoteli na mwani ulikufa. Mbona hukuutaja?

BabuWaPampu

Unaua mwani, hilo sibishi. Ni shaba. Shida ni kwamba ukishauwa hauondoki, unabaki majini unangoja pH ipande, kisha unakaa kwenye vigae na viungo vyake madoa ya kijivu na buluu. Na nywele za rangi ya dhahabu zinageuka kijani. Wageni wa shangazi yake wanatoka Ujerumani. Waseme nini wakirudi Hamburg, na nani atakayesoma maoni yao?

BintiUkunda

Shikamoo babu. Nimesoma yote mara mbili, asante sana. Majani nimetoa na askari, tumejaza mikokoteni ya kutosha minazi mitatu, na chini kabisa tumekuta kiti cha plastiki na viatu vya mtoto. Mkungu kuna kitu umefanya kwenye maji, hata kijani kikitulia kinabaki na rangi ya chai.

Sasa pampu. Ukiwasha inanguruma tu, haizunguki, baada ya sekunde chache swichi inaruka. Imeungua? Fundi yule yule ameniambia ninunue mpya.

BiStima

Usinunue bado. Naomba nijibu hili maana ndiyo kazi yangu.

Kunguruma bila kuzunguka kuna sababu mbili za kawaida: impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) imekwama, au kapasita imekufa. Zima umeme kwenye kikata-umeme chenyewe, si kwenye swichi ya ukutani, na hakikisha kwa testa. Nyuma ya mota kuna kifuniko cha feni; kitoe, shika feni au weka bisibisi kwenye mfereji wa mhimili, zungusha kwa mkono. Ikigoma, fungua upande wa maji: baada ya miaka miwili utakuta mizizi, konokono, au kutu imeshika sili, ile inayozuia maji yasifike kwenye mota. Safisha, zungusha hadi ilegee. Ikizunguka bila shida na bado inanguruma, ni kapasita, ile silinda ndogo kando ya mota. Nunua yenye maikrofaradi zile zile zilizoandikwa juu yake. Ni pesa ndogo ukilinganisha na pampu. Kabla ya kuigusa, mtu anayejua aitoe chaji, hata ikiwa umeme umezimwa inapiga.

Kabla ya kuwasha, jaza kikapu cha pampu maji hadi juu na ufunge kifuniko na mpira wake uliopakwa grisi ya silikoni. Pampu ya bwawa ikienda kavu inachoma sili yake ndani ya dakika chache. Na mwambie yeyote atakayefunga nyaya kwamba unataka kikata-umeme kinachozima umeme ukivuja, cha miliamperi 30, na waya wa ardhi. Chumba cha pampu chenye unyevu na chumvi ya bahari si mahali pa kuunganisha kwa utepe.

BintiUkunda

Ilikuwa impela, Bi Stima, konokono wa ajabu. Inazunguka!

Basi naleta hali. Baada ya klorini ya jioni tatu mfululizo na brashi mpaka mabega yanalia, kijani kimeondoka. Maji sasa ni ya kijivu, meupe-meupe, naona kidato cha tatu cha ngazi na basi. Filta naiosha, presha inapanda, naiosha. Klorini jana jioni ilikuwa 12, leo alfajiri kabla ya jua 11 na nusu. Maji yalikuwa yamepungua, nikaongeza kutoka kisimani, na pale bomba linapomwaga pamekuwa na rangi ya kahawia. Nimeharibu?

BabuWaPampu

Marahaba, mwanangu. Hujaharibu kitu, na hiyo namba ya alfajiri ndiyo niliyokuwa naingojea. Klorini inayopungua chini ya 1 usiku kucha, bila jua, maana yake hakuna kilicho hai kinachoila. Mwani umekufa. Kinachoelea ni mizoga yake, midogo mno, mchanga wa filta unaipitisha mara kwa mara.

Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kungoja, pampu iende na filta iikamate taratibu. Inafanya kazi, lakini Desemba haikungoji. Ya pili ni shabu, hii hii ya dukani, inayoidondosha mizoga chini; ukipata ya unga ni bora. Gramu 50 kwa kila mita moja ya ujazo, yaani kwako kilo 3.75. Kwanza acha jua liipunguze klorini siku moja au mbili, maana maji utakayoyamwaga yasiue mimea wala yasiende ufuoni na dawa. pH iwe kati ya 7.2 na 7.6. Geuza mkono wa filta kwenye RECIRCULATE, ili maji yapite bila kuingia mchangani. Shabu ikiingia kwenye filta inaiziba. Yeyusha kwenye ndoo nyingi, mwaga kuzunguka bwawa lote, pampu iende kwa muda wa saa mbili, kisha zima kila kitu. Usiguse, usipige brashi, mvua ikinyesha omba iwe ndogo.

Asubuhi utakuta chini pameota zulia jeupe na juu yake maji unayoyaona hadi kwenye vigae. Sasa funga kichwa cha kufyonzea, geuza mkono wa filta kwenye WASTE, ili maji machafu yatoke nje bila kupita mchangani, mpira wa kutolea uupeleke kwenye shimo la kufyonza, si kwa jirani. Sukuma kichwa polepole mno. Ukikimbia zulia linainuka na umerudi nyuma usiku mzima. Kiwango cha maji kitashuka kadiri unavyofyonza, kwa hiyo acha bomba linajaza wakati huo huo, na kabla skima haijaanza kunyonya hewa simama.

Ile kahawia ni chuma cha kisima. Kikiwa ardhini hukioni. Klorini ikikikuta kinageuka kutu. Shabu inakidondosha pamoja na mizoga. Ndiyo maana maji mengi ya kisima uyaongeze kabla ya shabu, na ya kujazia baada ya kufyonza yawe ya mfereji ukipata, au boza moja. Moja, Wa Likoni.

Shabu itakuwa imeshusha pH, ipime na uirudishe kwa soda ya kufulia kidogokidogo. Halafu ndiyo uweke kinga ya jua: asidi ya sianuriki kilo 2.25, ndani ya soksi iliyoning'inizwa mbele ya tundu la maji yanayorudi, uikamuekamue. Inafika miligramu 30 kwa lita, inatosha. Hapo nina neno na wauza vidonge. Vile vidonge vikubwa vya klorini zaidi ya nusu ya uzito wake ni asidi hiyo hiyo, na haichakai. Kila kidonge kinaongeza nyingine juu yake. Ikizidi, klorini inafungwa miguu: kipimo kinasoma 3, maji yanaanza kuwa kijani, mwenye bwawa anaongeza kidonge. Nusu ya mabwawa ninayoitiwa yaligeuka kijani vidonge vikiwa ndani ya chombo chake. Wakati wa wageni tumia ya unga au ya maji, vidonge viwe vya juma ambalo huna mtu wa kutazama.

BintiUkunda

Babu, shangazi ameuliza swali moja tu kwenye simu: wageni waingie lini?

BabuWaPampu

Simama ukingoni upande wa kina, jua likiwa juu. Tazama kifuniko cha tundu la chini. Ukiweza kuhesabu matundu yake, klorini iko kati ya 2 na 4, pH haijapita 7.6, na Bi Stima ameridhika na kikata-umeme chake, waingie. Kifuniko chenyewe kikiwa kimevunjika au hakipo, wasiingie hata kama maji ni ya kunywa, maana mnyonyo wa pale chini unashika nywele na mkono wa mtoto. Pampu baada ya hapo saa 8 kwa siku zinatosha, brashi mara moja kwa juma. Na ule mkungu, kata tawi linaloinamia maji kabla ya wageni, usingoje majani ya Januari.

MtuWaLikoni

Babu, boza moja nitaleta mimi. Bei ya jirani.